Movie Central: Chaneli ya Filamu Iliyolipwa Ifunge

Tarehe 1 Machi 2016, watu wa magharibi mwa Kanada waliokuwa wakilipia chaneli za filamu za Movie Central walikuta jina hilo limeondoka kwenye televisheni zao. Mahali pake palikuwa pameshikwa na The Movie Network, chaneli ya upande wa mashariki ambayo tangu ianze kutumia jina hilo haikuwahi kuruhusiwa kuvuka mpaka wa majimbo ya Ontario na Manitoba. Movie Central haikuwa imefilisika, wala hakuna aliyeifutia leseni kwa kosa lolote. Kampuni iliyoimiliki, Corus Entertainment, ilikubali kulipwa dola milioni 211 za Kanada na Bell, mwenye chaneli ya mashariki, ili iache biashara hiyo.

Kampuni kulipwa na mwenzake ili ifunge ni jambo linaloshangaza mpaka ujue Bell ilikuwa inalipia nini hasa. Kamera na studio zilikuwa mambo madogo, na filamu zenyewe zilikuwa mali ya Hollywood. Kilicholipiwa ni mstari kwenye ramani, na mstari huo ulichorwa miaka zaidi ya thelathini nyuma, katika mazingira ambayo leo wengi wamekwisha kuyasahau hata huko Kanada.

Turudi kwanza Marekani. Chaneli ya HBO ilianza kurusha matangazo tarehe 8 Novemba 1972 katika mji wa Wilkes-Barre, jimbo la Pennsylvania. Wazo lake lilikuwa jepesi na lilibadilisha biashara nzima ya televisheni: mtazamaji alipe kila mwezi, naye aonyeshwe filamu mpya kutoka majumba ya sinema bila kukatwakatwa na matangazo ya biashara. Mwaka 1975 HBO ilianza kutumia setilaiti, na kuanzia hapo kampuni yoyote ya kebo nchini humo yenye dishi iliweza kuipokea na kuiuza mtaani kwake.

Mawimbi ya setilaiti hayajui forodha. Wakanada wengi wanaishi karibu na mpaka wa Marekani, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao walikuwa wameshasimika madishi makubwa na kunasa chaneli za Marekani bila kulipa senti kwa yeyote. Mamlaka ya utangazaji ya Kanada, CRTC, ilikuwa imesitasita kwa miaka kadhaa kuruhusu televisheni ya kulipia. Hofu yake ilikuwa na msingi: kama mlango ungefunguliwa hivi hivi, fedha za Wakanada zingetiririka moja kwa moja mpaka Hollywood, na watunzi, waigizaji na mafundi wa nyumbani wasingepata kitu. Lakini kuendelea kukataa kulimaanisha watu wachukue bure kile ambacho sheria iliwanyima. Basi tarehe 18 Machi 1982 CRTC ikatoa leseni za kwanza, zikiwa na sharti zito: kila mwenye leseni atenge sehemu ya muda wake wa hewani na sehemu ya mapato yake kwa kazi za Kanada.

Sharti hilo naliunga mkono, na nitarudi kwake baadaye. Kosa lilikuwa katika idadi. Leseni zilitolewa kwa mkupuo, za kitaifa na za kimkoa, za Kiingereza na za Kifaransa, katika soko ambalo hakuna aliyewahi kuliuzia chochote cha namna hiyo. Nchi ilikuwa na watu milioni 25 hivi, na si kila nyumba ilikuwa na kebo.

Tarehe 1 Februari 1983 matangazo yakaanza, yakipitia setilaiti ya Anik C3 ambayo chombo cha anga cha Columbia kilikuwa kimeipeleka juu Novemba 1982. First Choice ilikuwa na leseni ya nchi nzima. Superchannel ilianza Alberta na Ontario. C Channel nayo iliwalenga wapenzi wa sanaa za jukwaani, muziki wa kiwango cha juu na filamu zisizo za kawaida. First Choice ilikuwa imejiingiza kwenye mzozo hata kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu ilitangaza mkataba wa vipindi na Playboy, na makundi ya wanawake yakaandamana katika miji kadhaa. C Channel haikupata watu wa kutosha; ikazima mitambo tarehe 30 Juni 1983, miezi mitano tu baada ya kuzaliwa.

Waliobaki wawili walikuwa na tatizo la aina nyingine, na ndilo lililozaa kila kitu kilichofuata. First Choice na Superchannel zilikuwa zinauza bidhaa ileile. Studio za Hollywood ziliiuza filamu moja kwa wote wawili, kila mmoja akalipa bei yake, kisha wakagombea nyumba zilezile za Alberta na Ontario. Familia haikuona sababu ya kulipia zote mbili, na nyingi hazikulipia hata moja. Gharama zilikuwa maradufu, na mapato ni ya nusu nusu.

Mwaka 1984 wakaamua kugawana nchi. Superchannel ikaondoka Ontario na kuchukua magharibi: British Columbia, Alberta, Saskatchewan, Manitoba na maeneo ya kaskazini. First Choice ikaachia magharibi na kubaki na Ontario, Quebec na majimbo ya Atlantiki. CRTC ikaridhia. Huduma za Kifaransa za Quebec nazo ziliungana mwaka huohuo, na mrithi wao ni Super Écran, lakini hiyo ina historia yake ndefu inayostahili makala yake.

Ili kuelewa kwa nini mgawanyo huu ulifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, lazima tuseme kidogo jinsi filamu ilivyokuwa ikiuzwa wakati huo. Filamu moja iliuzwa mara nyingi, kila mara kwa bei ndogo zaidi, mithili ya samaki anayeuzwa ghali asubuhi feri akiwa mbichi, jioni akiwa wa kukaanga, na baada ya wiki akiwa ng'onda. Kwanza ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kisha ilitoka kwenye kanda au diski. Halafu ilikuja zamu ya televisheni ya kulipia, na mwisho kabisa televisheni ya bure yenye matangazo ya biashara. Kila zamu ilikuwa na muda wake, na mkataba ulimzuia mwenye zamu ya baadaye asitangulie. Chaneli kama Superchannel haikuwa na filamu. Ilikuwa na haki ya kuwa ya kwanza kuziingiza sebuleni kama sehemu ya malipo ya mwezi.

Haki hiyo huuzwa kwa eneo. Studio ya Hollywood haikujali kama Kanada ina mnunuzi mmoja au wawili, mradi jumla ya fedha ilikuwa nzuri. Kampuni za kebo nazo zilikuwa za kimaeneo, kila mji na kampuni yake, kwa hiyo aliyeishi Edmonton, upande wa magharibi, hakuwa na namna ya kununua kinachouzwa Toronto, jimboni Ontario. Mpaka wa Ontario na Manitoba ukawa ukuta halisi wa biashara. Mtu aliyehamia Calgary kutoka Dar es Salaam au Nairobi alilipia chaneli moja, ndugu yake aliyeishi Toronto akalipia nyingine, na wakipigiana simu Jumapili walikuwa wameona filamu ileile. Na watu wa asili yetu hawakuwa wachache huko: Calgary ilikuja kumchagua Naheed Nenshi kuwa meya mwaka 2010, mtoto wa wazazi waliohama kutoka Tanzania.

Superchannel ilikuwa mali ya Allarcom, kampuni ya Edmonton iliyojengwa na Dk. Charles Allard, daktari wa upasuaji aliyegeuka mfanyabiashara na kuanzisha pia kituo cha televisheni cha CITV mwaka 1974. Hili linanigusa kwa sababu vyombo vikubwa vya habari vya Kanada ya Kiingereza vimejaa Toronto, na hapa palikuwa na mtu wa magharibi aliyetaka magharibi iwe na sauti katika uamuzi wa nini kitengenezwe na nini kionyeshwe. Mwaka 1991 Allarcom ikawa chini ya Western International Communications, WIC. Mwaka 2000 WIC ikavunjwa, mali zake zikagawanywa, na chaneli za kulipia zikaangukia kwa Corus Entertainment, kampuni iliyokuwa imechipuka mwaka 1999 kutoka Shaw Communications, kampuni ya kebo ya familia ya Shaw.

Kule mashariki, First Choice ilikuwa imeingia mikononi mwa Astral, kampuni ya Harold Greenberg na ndugu zake wa Montreal, na mwaka 1993 ikajiita The Movie Network. Corus ikafuata njia hiyohiyo: mwaka 2001 Superchannel ikawa Movie Central. Ukiyatazama majina haya mawili mapya kwa pamoja, unaona soko lilivyokuwa limebadilika. Yale ya 1983 yalikuwa ya kujitapa, ya mtu anayetaka uamini kuwa yeye ni bora kuliko jirani. Baada ya mgawanyo hapakuwa na jirani wa kushindana naye, na jina lilitakiwa tu kumwambia mteja kwenye orodha ndefu ya chaneli za dijitali kwamba hapa ndipo penye filamu. Movie Central ilikuja ikiwa na chaneli kadhaa ndani ya kifurushi kimoja, pamoja na chaneli dada ya filamu za zamani, Encore Avenue.

Kubadilisha jina kulikuwa na mkia wake. Jina la zamani likaachwa wazi, na familia ya Allard ikarudi kulichukua. Kampuni yao ya Allarco ilipata leseni ya kitaifa mwaka 2006 na kuzindua chaneli mpya ya kulipia tarehe 22 Novemba 2007, ikiiita Super Channel. Kwa mara ya kwanza tangu 1984 palikuwa na mtu anayeuza filamu za kulipia kutoka Vancouver hadi Newfoundland. Lakini wakubwa wawili wa zamani walikuwa wameshika mikataba minono ya Hollywood, na bila filamu hizo ni vigumu kumshawishi mtu aongeze dola kwenye bili yake. Mwaka 2009 Super Channel iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ilisalimika, ikawa ndogo.

Kufikia hapo thamani ya biashara nzima ilikuwa imehama, na nadhani wengi wanaosimulia kifo cha Movie Central wanairuka sehemu hii ili waifikie Netflix haraka. Filamu zilikuwa zimeacha kuwa sababu kuu ya watu kulipia. Uliweza kukodi diski. Uliweza kusubiri. Kisichoweza kusubiriwa ni tamthilia ambayo wenzako kazini wataizungumzia kesho asubuhi, na aliyezitengeneza tamthilia hizo kwa ustadi kuliko wote ni HBO. Tarehe 30 Oktoba 2008 Astral na Corus zilizindua HBO Canada kwa pamoja. Haikuuzwa peke yake: mashariki ilikuja ndani ya kifurushi cha The Movie Network, magharibi ndani ya Movie Central. Mteja alifurahi. Lakini tazama kilichotokea kwa mwenye chaneli. Jina lililowavuta watu lilikuwa la kampuni ya New York. Vipindi vilikuwa vyake. Movie Central ikabaki na leseni, mikataba na kampuni za kebo, na haki ya kuwa mwuzaji wa magharibi kwa muda wote ambao mwenye mali angependa kuwa na wauzaji wawili.

Ikumbukwe pia kwamba chaneli hizi mbili zilikuwa zikifanya kazi ya maana ambayo sheria iliwalazimisha kuifanya, na wakaifanya vizuri. The Movie Network na Movie Central mara nyingi zilichangia kwa pamoja gharama za tamthilia za Kikanada, ile ya mashariki ikitoa fungu lake na ile ya magharibi lake. Mtayarishaji wa Vancouver au Winnipeg alikuwa na ofisi mbili za kubisha hodi. Ofisi moja ikikataa wazo, alikuwa na nyingine. Lile sharti la 1982, ambalo wafanyabiashara walililalamikia tangu siku ya kwanza, ndilo lililoweka chakula mezani kwa waandishi na waigizaji ambao soko huria lisingewatazama mara mbili.

Netflix iliingia Kanada tarehe 22 Septemba 2010, nchi yake ya kwanza nje ya Marekani. Ilikuja bila leseni ya CRTC, bila kebo, bila king'amuzi na bila mpaka wa Manitoba. Mwanzoni ilikuwa na filamu za zamani zaidi, na wenye chaneli wangeweza kujipa moyo kwa hilo. Lakini ilikuwa imewafundisha wateja jambo ambalo halisahauliki: kulipa kwa mwezi, kutazama saa yoyote, kujitoa siku unayotaka.

Wakubwa wakajibu kwa kuungana. Machi 2012 Bell, kampuni kubwa ya simu, intaneti na televisheni ya setilaiti, ilitangaza kuinunua Astral kwa dola bilioni 3.38. Oktoba mwaka huo CRTC ilikataa; Bell ikajirekebisha, ikaahidi kuuza baadhi ya chaneli, na Juni 2013 ikakubaliwa. Kuanzia hapo nusu ya mashariki ya ile nchi iliyogawanywa mwaka 1984 ilikuwa mikononi mwa kampuni yenye uwezo wa kumfikia Mkanada popote alipo. Nusu ya magharibi ilikuwa na Corus, kampuni iliyojulikana zaidi kwa redio na vipindi vya watoto.

Mwishoni mwa 2014 kampuni kubwa za kebo na simu zilizindua huduma za kutazama kwa intaneti. Rogers, kampuni nyingine kubwa ya kebo na simu, na Shaw walileta Shomi mwezi Novemba. Bell ilileta CraveTV tarehe 11 Desemba, ikiwa imekwisha kupata haki ya tamthilia za zamani za HBO. Hapo ndipo ule mstari kwenye ramani ulipoanza kuwa mzigo kwa kila mtu. Huduma ya intaneti haina maana kama inaishia Kenora, mji wa Ontario ulio karibu na Manitoba. Bell ilitaka kuuza vipindi vipya vya HBO nchi nzima, kwenye chaneli na kwenye intaneti, na haikuweza kwa sababu magharibi ilikuwa na mwenyewe. Corus haikuweza kujenga huduma ya kitaifa kwa sababu mashariki ilikuwa na mwenyewe. HBO ilikuwa na wauzaji wawili mahali ambapo mmoja mwenye nguvu angetosha.

Tarehe 19 Novemba 2015 fundo likafunguliwa. Bell ilitangaza mkataba wa muda mrefu na HBO unaoipa haki za pekee za vipindi vyake kwa Kanada nzima na kwa njia zote za kutazamia. Siku hiyohiyo Corus ilitangaza kuondoka kwenye biashara ya chaneli za filamu: Movie Central na Encore Avenue zitafungwa, sehemu yake katika HBO Canada itakuwa ya Bell, na malipo ni dola milioni 211. Wiki nane baadaye, tarehe 13 Januari 2016, Corus ilitangaza kununua Shaw Media, tawi la televisheni la Shaw Communications, kwa dola bilioni 2.65 na kujitanua katika televisheni ya kawaida yenye matangazo ya biashara. Fedha za Bell zilikuja kwa wakati wake.

Kwa mteja wa magharibi mabadiliko yalikuwa ya kimya: malipo yaliendelea, jina likawa lingine, HBO Canada ikabaki. Siku hiyohiyo ya 1 Machi 2016 ndipo kampuni za kebo na setilaiti zenye leseni zilipoanza kulazimika kuuza kifurushi cha msingi kisichozidi dola 25 kwa mwezi, kwa amri ya CRTC. Chaneli za kulipia zilizojengwa juu ya bili kubwa ya kebo zilikuwa zinaingia katika kipindi ambacho mteja ameruhusiwa rasmi kuipunguza bili hiyo.

Nani alipoteza? Kwa maoni yangu ni watayarishaji wa magharibi. Hodi sasa ilipigwa mlango mmoja, na mlango huo uko Toronto. Kampuni moja ikisema hapana, hapana hiyo ni ya nchi nzima. Wanaouona mgawanyo wa 1984 kama ukiritimba wa kizamani wanasema kweli kuhusu bei na kuhusu mteja. Lakini ukiritimba wa nusu nusu ulikuwa na faida moja ambayo muungano hauna: wanunuzi wawili wa kazi za wasanii, na mmoja wao alikuwa na mizizi Edmonton. Sioni kilicholiziba pengo hilo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Shomi ilifungwa tarehe 30 Novemba 2016. Super Channel ya familia ya Allard iliomba tena kinga ya mahakama Mei 2016, kisha ikaachana na mashindano ya filamu kubwa na kugeukia vipindi vya bei nafuu. Bado ipo, na ndiyo pekee inayobeba jina la 1983. The Movie Network yenyewe haikudumu na ushindi wake. Tarehe 1 Novemba 2018 Bell iliiunganisha na CraveTV, ikayafuta majina yote mawili na kubakisha moja, Crave. TMN Encore (TMN ni kifupi cha The Movie Network), iliyokuwa imeshika nafasi ya Encore Avenue magharibi, ikageuzwa Starz mwaka 2019.

Bei ya Crave pamoja na filamu na HBO ilikuwa dola 19.98 kwa mwezi siku ilipoanza, na kwa mara ya kwanza Mkanada wa Winnipeg au Halifax aliweza kuvilipia vipindi vipya vya HBO kwa intaneti peke yake, bila kuwa na kebo nyumbani.